Niliyoyaona Usiku katika Jumba la Sayansi, London

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, mimi ni mwalimu wa chuo katika mji wa Tanga. Elimu yangu ni Kurani niliyofunzwa na marehemu mwalimu wangu, Mungu amrehemu, na vitabu vichache vya fikihi, na madarasa saba ya skuli ya serikali. Si mtu wa safari. Lakini mwaka 2019 Mwenyezi Mungu alinijaalia kufika London kumzuru mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye amekuwa huko kwa masomo na kisha kwa kazi ya uhandisi.

Tangu niliporudi wazee wenzangu wameniomba mara nyingi niandike khabari za safari ile. Wengi watadhani nitaeleza majumba makubwa na treni zipitazo chini ya ardhi. Hayo wengine wamekwisha yaandika. Mimi nataka kueleza khabari ya usiku mmoja tu, kwa sababu usiku huo ulinionyesha kosa nililolitenda zaidi ya miaka ishirini nyuma, nami nilikuwa nimelisahau kabisa.

MAGHARIBI KABLA YA SAA KUMI

Nilifika mwezi wa Novemba, wakati wa baridi. Lakini jambo la kwanza lililonishangaza halikuwa baridi, lilikuwa jua. Kwetu Tanga jua huchwa baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Kule, mwisho wa Novemba, jua huchwa hata saa kumi ya jioni haijatimia! Siku ya kwanza nilikuwa bado na ladha ya chakula cha mchana kinywani, mpwa wangu akaniambia, “Mjomba, Magharibi imeingia.” Nikadhani anafanya mzaha. Nikachungulia dirishani, nikaona giza.

Nikatandika mswala, nikauelekeza kaskazini kwa mazoea ya miaka hamsini, maana kwetu Tanga Makka iko kaskazini, na hata neno kibla wazee wa pwani hulitumia kwa maana ya kaskazini. Mpwa wangu akauchukua kwa adabu, akaugeuza ukaelekea kusini mashariki. Nikamwuliza, “Umejuaje?” Akanionyesha simu yake. Nikamwuliza tena, “Na simu imejuaje?” Akanitazama kitambo asijibu, kisha akasema, “Mjomba, Jumatano nitakupeleka mahali.”

“USIKU WA WATU WAZIMA”

Siku ilipofika aliniambia kuwa tunakwenda katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi, na kuwa usiku ule ni wa watu wazima peke yao. Nilishtuka. Kwetu sisi ukisikia “mambo ya watu wazima” wajua si mambo ya kutajwa mbele ya wazee. Nikasema, “Astaghfirullah! Mimi mwalimu wa chuo, na ndevu hizi, unipeleke huko?” Akacheka hata machozi yakamtoka.

Akanieleza. Mchana jumba lile hujaa watoto wa skuli, na watu wazima huona haya kushika vyombo na kuuliza maswali mbele ya watoto, wasije wakaonekana wajinga. Kwa hiyo wenyewe wakatenga usiku mmoja, na dasturi yao katika miaka ile ilikuwa Jumatano ya mwisho ya mwezi, waingie waliotimiza umri wa miaka 18 tu, bila ada, mpaka saa nne za usiku. Huja wataalamu, wakakaa na vyombo vyao, na mtu akauliza atakalo.

Kisha akaniambia, “Sikufichi, Mjomba. Pana mahali ndani panapouzwa ulevi, na pana watu wachezao. Ukiona haifai, hatwendi.”

Nikakaa nikifikiri. Najua kuwa Mtume wetu (s.a.w.) amemkataza Muumini asiketi penye meza inayonywewa ulevi. Lakini nikaona kuwa jumba si meza. Nami naliijua sababu ya kwenda kwangu, na nilikuwa na miguu ya kunipitisha mbali na mahali pale. Sisemi haya kuwatolea watu fatwa. Mwenye shaka na awaulize wanazuoni. Nasema tu nililolifanya. Tukaswali Isha nyumbani, tukatoka.

Mlangoni kijana mmoja alikuwa akitazama umri wa waingiao. Nilipofika akaniangalia ndevu zangu nyeupe, akatabasamu, akanipisha.

NDANI YA JUMBA

Jumba hili liko mtaa wa South Kensington. Asili yake ni maonyesho makubwa yaliyofanywa London mwaka 1851. Faida iliyopatikana ilinunuliwa ardhi, na mwaka 1857 pakafunguliwa jumba la makumbusho. Mwaka 1909 upande wa sayansi ukatengwa ukawa jumba la peke yake.

Tuliona gari la moshi liitwalo Puffing Billy, lililoundwa karibu na mwaka 1814 kwa kuvuta makaa ya mawe, na ndilo kongwe kuliko magari yote ya moshi yaliyosalia duniani. Tukaona karakana ya James Watt, yule aliyeitengeneza upya mashine ya mvuke ikafaa. Alikufa mwaka 1819, na vyombo vyake vyote, na tupa zake, na vipande vya kazi alivyoviacha, vimehamishwa na kupangwa kama alivyoviacha mwenyewe. Nilisimama pale kitambo kirefu. Ilinijia fikira kuwa watu hawa wanakiheshimu chumba cha fundi kama sisi tunavyouheshimu msala wa shekhe wetu aliyefariki.

Pia kipo chombo cha Apollo 10, kilichowachukua Wamarekani watatu mwezi wa Mei, 1969, wakauzunguka mwezi na kurudi bila kuukanyaga, miezi miwili kabla ya wale waliotua. Ni kidogo, kama banda la kuku, na chini yake kimeungua kwa moto wa kuingia tena katika hewa ya dunia. Kilikuja kwa mwendo wa karibu kilometa 40,000 kwa saa moja, yaani safari ya Tanga mpaka Dar es Salaam kwa nusu dakika hivi. Nilipokiona nikasema, Subhana Llah, mwanadamu ameumbwa dhaifu na akapewa akili namna hii!

Tukapita pia mahali pa wachezao. Hapo niliona ajabu nyingine. Wake kwa waume walikuwa wanacheza, lakini hapakuwa na ngoma wala zumari, kimya kitupu! Kumbe kila mmoja amevaa chombo masikioni, na muziki anausikia peke yake. Nikamwambia mpwa wangu, “Ngoma hii ingetufaa pale mtaani kwetu siku za harusi, jirani akalala.” Tukacheka, tukapita zetu.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni kuwaona watu wa umri wangu, na wengine wazee kuliko mimi, wameinama juu ya meza wakiuliza. Mzee mmoja aliuliza jambo ambalo hata mimi nililijua, na yule mtaalamu kijana akamjibu kwa upole, wala hapana aliyecheka. Kwenye meza moja msichana alikuwa akieleza nyota. Alipotaja majina yake nikazindukana: Fomalhaut, Aldebaran, Rigel. Nikamwambia mpwa wangu, “Mbona haya ni maneno yetu? Fam al-hut ni kinywa cha samaki. Ad-dabaran ni ile inayofuata, maana inaifuata Kilimia. Rijl ni mguu.” Akamfasiria yule msichana, naye akafurahi sana, akaniomba nimtamkie Kiarabu chake mara ya pili. Nalifurahi, na wakati huohuo nikaona haya. Majina ni ya lugha ya Kitabu chetu, lakini ukinitoa nje usiku ukaniambia nionyeshe Fomalhaut iko wapi, sijui.

ASTURLABU

Kisha tukaingia chumba cha hisabati. Chumba hiki kilifunguliwa Disemba 2016, na aliyekichora ni Zaha Hadid, mwanamke mzaliwa wa Baghdad, aliyesoma hisabati kabla ya kusoma ujenzi. Alifariki Machi mwaka ule ule, asikione kimekwisha. Katikati imetundikwa ndege ya mwaka 1929, na dari na kuta zimepindwa kwa kufuata njia ya upepo unavyoizunguka ndege hiyo. Nikakumbuka kuwa Baghdad hiyo ndiyo aliyofanyia kazi Al-Khwarizmi katika karne ya tisa, aliyeandika elimu ya al-jabr, na hata leo ulimwengu wote huiita hisabati hiyo kwa jina lake la Kiarabu.

Ndani ya sanduku la kioo palikuwa na chombo cha shaba, duara kama sahani, kazi ya mafundi wa Kiislamu wa karne ya 17. Ni asturlabu. Nilikuwa nimelisikia jina hilo kwa wazee, lakini sikupata kuiona.

Mpwa wangu akanieleza jinsi inavyofanya kazi. Nyuma yake huwa na kiwiko kizungukacho. Mtu huining'iniza kwa kidole, akaielekeza kwenye jua au nyota, akasoma imepanda digrii ngapi. Mbele yake huwa na sahani nyembamba iliyochorwa mistari ya mbingu kwa mji fulani, na juu yake wavu wa shaba wenye ncha, kila ncha ni nyota moja. Huugeuza wavu mpaka ncha ya nyota ile ifike kwenye digrii alizozipima, na hapo husoma wakati. Ukihama mji, wabadili sahani, kwa kuwa mbingu ya London, iliyo digrii 51 na nusu kaskazini mwa mstari wa ikweta, si mbingu ya Tanga, iliyo digrii 5 kusini. “Ndiyo sababu ya Magharibi kuingia mapema hapa, Mjomba,” akaniambia. “Dunia imeinama. Mwezi huu upande wa kaskazini umelipa jua kisogo, mchana ni saa 8 na kidogo tu. Mwezi wa Juni mchana wa hapa hupita saa 16 na nusu.”

Nikainamia kioo. Ukingoni mwa sahani palikuwa na herufi za Kiarabu, moja moja na mbili mbili. Mpwa wangu akasema, “Hizi sizijui. Si maneno.” Nikatazama, nikacheka kwa furaha. Ilikuwa abjadi! Hesabu ya herufi aliyonifunza marehemu mwalimu wangu. Nikamsomea kwa kidole: “Ha ni tano. Ya ni kumi. Ya na ha ni kumi na tano. Kaf ni ishirini. Hizi ndizo digrii zako.” Akanyamaza. Yeye mhandisi aliijua kazi ya chombo wala hawezi kukisoma. Mimi niliweza kukisoma wala siijui kazi yake. Kila mmoja wetu alikuwa amebeba nusu ya elimu moja.

BAKORA NILIYOISAHAU

Tulipokuwa tumesimama pale akaniita kwa jina alilokuwa akiniita utotoni. Akasema, “Maalim, unaikumbuka bakora ya kalenda?”

Nikamwambia siikumbuki.

Akanieleza. Alikuwa na umri wa miaka tisa, anasoma chuoni kwangu pamoja na wenzake. Ukutani palikuwa na kalenda ya nyakati za sala ya mwaka mzima. Siku moja akaniuliza: ikiwa mambo ya ghaibu hayajui ila Mwenyezi Mungu, aliyeandika kalenda hii amejuaje jua la kesho litakuchwa saa ngapi? Nami nikamwona ni mfidhuli, nikamchapa bakora tatu mbele ya wenzake, nikamwambia hilo si swali la chuoni.

“Tangu siku ile,” akasema, “sikuuliza tena. Nilijua kuwa yako maswali ya chuoni, na yako maswali ya nje. Maswali yangu nikayapeleka nje. Mimi Mwenyezi Mungu amenihifadhi, naswali. Lakini wawili katika wenzangu wa chuo kile leo hawaswali. Sisemi bakora ndiyo iliyowatoa. Nasema hawakuwa na wa kumwuliza.”

Ndugu zangu, mpigaji husahau, aliyepigwa hasahau. Nilitamani ardhi inifunike. Kumbe swali lile halikuwa ufidhuli. Lilikuwa swali la mtoto aliyeisikiliza sana darsa yangu kuliko wote, akayaweka mambo mawili pamoja, akaona hayapatani. Na jibu lake lilikuwa jepesi: mwendo wa jua na mwezi si ghaibu, maana Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Kitabu Chake kuwa viwili hivyo vinakwenda kwa hesabu, na hesabu ni kitu cha kujifunza. Wazee wetu walijua hayo. Katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus palikuwa na mtu wa kazi maalumu ya kupima nyakati za sala, aitwaye muwaqqit. Na mmoja wao, Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, ni katika mabingwa wakubwa wa elimu ya falaki. Kazi yake yote ilikuwa kulijibu swali ambalo mimi nililijibu kwa bakora.

Nikamwambia, “Mwanangu, nilikudhulumu. Sikujua jibu, nikaona haya kusema sijui, nikaificha haya yangu kwa fimbo. Nisamehe.”

Akauinamia mkono wangu akaubusu, kama walivyokuwa wakifanya watoto wa chuo. Hakusema neno, wala mimi sikusema. Watu walikuwa wakipita nyuma yetu. Hata saa nne tulikuwa bado tumo katika chumba kile.

KIJITI UWANJANI

Niliporudi Tanga sikuwa na asturlabu, wala fedha za kuinunua. Nikachukua kijiti kilichonyoka, chenye urefu wa meta moja, nikakisimamisha katika uwanja wa chuo. Nikawatoa watoto nje.

Katika fikihi nimefundisha kwa miaka thelathini kuwa Adhuhuri huingia jua linapopinduka, na kuwa Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza na kile kivuli kilichokuwapo wakati wa kupinduka. Watoto waliyahifadhi maneno hayo kwa moyo. Hata siku moja sikuwatoa nje wakapima! Sasa tunapima. Tunaweka kokoto penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi, na kivuli kinapofika ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka, watoto hupiga kelele wote pamoja, “Adhuhuri!” Wameona kwa macho yao kuwa mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri kwetu huangukia kusini, na Disemba huangukia kaskazini, na kuwa Machi na Oktoba iko siku ambayo kijiti hakina kivuli kabisa.

Na jambo hili kila nyumba yaweza kulifanya, hata isiyo na mwalimu. Mara mbili kwa mwaka jua husimama sawasawa juu ya Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27. Saa ya Makka na saa ya Afrika ya Mashariki ni moja. Simamisha kijiti wakati huo, uelekee lilipo jua, mgongo wako ukiwa upande kilipoangukia kivuli, umeielekea kibla. Chukua wanao, mpime pamoja.

Mwaka jana mtoto mmoja wa kike aliniuliza: “Maalim, mbona Adhuhuri haiingii saa sita kamili? Mwezi wa Novemba huingia saa sita na dakika saba, na Februari hupita saa sita na nusu.” Chuo kizima kikanyamaza. Nikasema, “Sijui. Kesho tutamwuliza mwalimu wa jiografia.” Tukaenda. Akatueleza kuwa saa zetu zimetegwa kwa mstari wa longitudi ya 45, nasi tuko magharibi yake, kwa hiyo jua hutuchelewea. Tena njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na dunia yenyewe imeinama, ndipo dakika zikapungua na kuzidi. Nilikaa pamoja na wanafunzi wangu, nikaandika kama wao.

NENO LA MWISHO

Enyi wazazi, na enyi walimu wenzangu. Amri ya kwanza iliyomshukia Mtume wetu ni amri ya kusoma. Mtoto akikuuliza jambo usilolijua, usimpige wala usimkebehi. Neno “sijui” halimpunguzii mwalimu heshima. Linalompunguzia ni kujifanya ajua. Wale watu wa London walitenga usiku mzima ili mtu mzima asione haya kuuliza. Ulevi wao na ngoma yao tuwaachie wenyewe, lakini hili la kuuliza lilikuwa letu zamani.

Nanyi vijana, msidhani kuwa anayejua hesabu za mbingu ameuacha msikiti, wala anayeshika msikiti ameziacha hesabu. Ulizeni. Na ikiwa mwalimu wako alikujibu vibaya ulipokuwa mdogo, mrudie kwa adabu umwulize tena. Huenda naye ameona haya siku nyingi, anangoja umfungulie mlango.

Wale vijana wawili waliokuwa chuoni kwangu nimewaandikia barua kila mmoja. Mmoja amejibu, amekuja kunizuru, na tumekaa uwanjani penye kijiti mpaka Alasiri. Tulipoadhini aliondoka kwenda zake. Lakini amesema atarudi, kwa kuwa bado ana maswali. Wa pili hajajibu. Namwombea dua, nanyi niombeeni.

Wa billahi tawfiq.

Mwalimu wa chuo, Tanga